Hilux ya marehemu mzee imelala nyuma upande mmoja: nibadilishe springi zote, au kuna njia ya bei nafuu?

Mwana wa Uwemba
Ijumaa, saa 2 usiku

Habari za jioni wakuu.

Nimerithi pikapu ya marehemu mzee, Toyota Hilux ya 1985, injini ya dizeli aina ya 2L, siyo fowili. Mzee aliitunza sana, ila alipoanza kuumwa ilikaa miaka mitatu chini ya mwembe, kuku wakatagia mle ndani. Nimeifufua. Injini inawaka vizuri, gia zinaingia, bodi ina kutu ya kawaida tu. Shida iko nyuma.

Ikiwa tupu imeinamia kushoto kama mtu aliyebeba ndoo ya maji mkono mmoja. Nikipakia viazi kuleta Njombe mjini, tairi la kushoto linasugua bodi kwenye kila shimo, na kuna mlio wa "ko, ko" nikipita matuta hata nikiwa sina mzigo. Fundi wangu wa hapa kachungulia chini dakika mbili, kasema springi zimekufa, nitoe zote nifunge mpya. Nimepiga simu Dar, jozi ya springi mpya za nyuma nimetajiwa 950,000, usafiri juu yangu.

Mfukoni nina laki tatu. Gari siuzi, nimejifunzia kuendesha humo. Mwenye njia ya nafuu naomba anisaidie, ila nisije nikaua watu barabarani.

---

Bosi wa Mchongo

Mkuu piga gari kilo, uza chuma chakavu, ongezea hela ununue Kirikuu, vile vipikapu vidogo. Mambo ya makumbusho achia serikali.

---

Mwana wa Uwemba

Kirikuu na viazi vya Uwemba wakati wa masika? Umewahi kufika huku kweli?

---

Nyundo ya Mwanjelwa

Mleta uzi, usinunue chochote kwanza. Mimi kazi yangu ni springi, Mbeya hapa, mwaka wa kumi na tisa huu. Fundi aliyechungulia dakika mbili hajui kilichokufa ni nini. Nenda nayo hivi.

Weka gari mahali tambarare, tupu, matairi yote upepo sawa. Pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, magurudumu yote manne. Andika. Halafu weka jeki mbele, katikati kabisa ya ule mhimili unaobeba injini, inua mpaka matairi ya mbele yaache ardhi kidogo, na vizuizi nyuma. Pima tena nyuma. Kwa nini? Hilux yako mbele haina springi za majani kama nyuma, vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, ina tosheni ba, zile fimbo ndefu mbili zinazojisokota. Ya kushoto ikilegea mbele, gari linaweza kuinamisha kona ya kushoto nyuma na wewe ukalaumu springi bure. Ukishainua mbele katikati, mbele haina tena neno, nyuma inasimama kwa miguu yake yenyewe. Ikibaki imeinama, ndiyo springi au vitu vyake.

Pili, ingia chini na tochi na brashi ya waya. Safisha tope. Hesabu majani kila upande, kulia na kushoto lazima yalingane. Angalia jani mama, lile la juu lenye macho pande zote mbili. Angalia bushi, zile raba zinazokaa ndani ya macho, na sheko, vile vibao viwili vinavyoning'iniza springi kwa nyuma. Angalia kama senta bolti bado imeshika, ile inayopita katikati ya majani yote. Leta picha au maelezo, tuongee.

Na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka magogo. Nimeshazika mtu kwa ajili hiyo, sitanii.

---

Tajiri Mtarajiwa

Mi nakaa hapa mwanzo kabisa wa uzi, kuna kitu kizuri kinakuja. Nina Datsun ya babu yenye tatizo hilo hilo.

---

Mwana wa Uwemba
Jumamosi, saa 11 jioni

Nyundo, asante sana mkuu. Nimeshinda chini ya gari leo.

Vipimo vya nyuma: kushoto sentimita 41, kulia 46. Nilipoinua mbele katikati: kushoto 41 na nusu, kulia 46. Kwa hiyo ni nyuma kweli.

Majani: kulia matano, kushoto matano ila la pili kutoka juu limevunjika, nilipopiga brashi ndipo mpasuko ukaonekana, karibu na katikati. Jani mama la kushoto halijavunjika lakini limenyooka kabisa kama rula. La kulia bado lina upinde kidogo. Bushi za kushoto zimeliwa karibu zote, naona chuma kinakula chuma, nadhani ndio "ko, ko" yenyewe. Sheko ya kushoto pini yake imeliwa nusu. Shokapu zote mbili zimelowa mafuta.

---

Nyundo ya Mwanjelwa

Hapo sasa tunaongea. Kwa hiyo springi ya kulia haijafa, imechoka. Ya kushoto imekufa kwenye majani mawili. Umeambiwa ubadilishe majani kumi, yaliyokufa ni mawili.

---

Chuma Hakidanganyi

Jani la pili limevunjika? Lichomelewe tu, fundi wa kuchomelea mzuri anaweka kipande cha bati nene juu, linatembea. Mimi Fuso langu lilitembea hivyo kutoka Makambako mpaka Songea.

---

Nyundo ya Mwanjelwa

Kutoka Makambako mpaka Songea, sawa. Na kurudi?

Ndugu, chuma cha springi si nondo. Kimepashwa kikapoozwa kwa mafuta, kikapashwa tena kwa joto la chini kidogo ili kiwe kigumu bila kuwa kama kioo. Ukikichomelea, pembeni ya weldi kinakuwa kikavu, kinakatika hapo hapo siku ukiwa na mzigo kwenye kona. Na likikatika jani mama kwa mbele, ekseli nzima inarudi nyuma upande mmoja, gari linajigeuza lenyewe. Huwezi kulishika. Kuchomelea jani la springi ni kujikokota ufike gereji, basi.

---

Kaka Mkubwa wa Nakuru

Hamjambo wadau, nawasoma kutoka Kenya. Nina Peugeot 504 pikapu, zile zilizokuwa zikiunganishwa Mombasa, na zenyewe nyuma zina springi za majani. Shida ilikuwa hiyo hiyo. Mimi nilienda kwa jua kali nikaambiwa niongeze majani mawili mazito kila upande, "ibebe kama lori". Ikabeba kweli. Lakini ikiwa tupu ilikuwa inaruka kama mbuzi, mke wangu akakataa kupanda. Mwaka mmoja baadaye mabano ya springi yakaanza kupasuka pale yanaposhikana na chesisi. Springi haikuvunjika, ilivunja gari. Nikatoa yale majani. Mleta uzi, ukishauriwa uongeze majani, kumbuka mbuzi.

---

Mzee wa Hesabu

Kaka wa Nakuru amesema kitu ambacho watu hawakielewi, ngoja niweke hesabu kidogo. Ugumu wa jani unaenda na unene wake mara tatu, yaani unene kwa unene kwa unene. Jani la milimita 6 na jani la milimita 8 yanafanana kwa macho, lakini 8 x 8 x 8 ni 512 na 6 x 6 x 6 ni 216. Hilo la 8 ni gumu zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mtu akichukua jani la gari jingine "linalofanana fanana" akaliingiza, anaweza kuwa ameongeza ugumu wa majani mawili na zaidi bila kujua. Urefu nao unakwenda hivyo hivyo kinyume, jani fupi ni gumu kupita kiasi.

Ukinunua jani la mtumba nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Usiende na macho.

---

Bosi wa Mchongo

Nimekuja kuuza Kirikuu nakuta darasa la hesabu 😂

---

Dada wa Spea Ilala

Jamani naomba niongee upande wa bei, maana nipo dukani kila siku.

Kaka Uwemba, jozi kamili ya mtumba ya Hilux ya miaka hiyo utaipata, lakini wanaouza wanauza springi jinsi ilivyotoka kwenye gari lililokufa huko Japani au lililochinjwa hapa. Nyingine zimechoka kuliko yako. Wanazipaka rangi nyeusi inayong'aa halafu zinaitwa "kama mpya". Mkwangue kidogo na funguo. Chini ya rangi ukikuta kutu yenye mashimo mashimo, acha. Ukiona jani lina alama nzito pale ncha ya jani la chini lilipokuwa likisugua, kama limechimbwa, acha pia, hapo ndipo linapokatikia.

Vitu ambavyo sikushauri ununue vya mtumba hata ukipewa bure: yubolti (zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), senta bolti na bushi. Yubolti ikishakazwa mara moja inakuwa imevutika, ukiikaza tena haishiki sawasawa. Na si bei ya kukuua.

Jani mama peke yake la mtumba linapatikana, watu wengi hawajui kuuliza. Ila mwambie muuzaji vipimo vyako: upana, unene, urefu jicho kwa jicho, na kutoka jicho la mbele hadi tundu la senta. Hilo tundu si lazima liwe katikati kabisa. Watu wengi wanarudisha mzigo kwa ajili hiyo.

---

Mwana wa Uwemba

Dada ubarikiwe. Nimekwenda kupima: upana milimita 60, unene wa jani mama 7. Na kweli tundu haliko katikati, upande wa mbele ni mfupi.

Swali: majani yaliyobaki mazima yamenyooka kidogo. Fundi mhunzi wa hapa anasema atayapasha na gesi ayakunje upya, elfu kumi kila moja. Nimpe?

---

Nyundo ya Mwanjelwa

Usimpe.

Si kwamba wahunzi hawajui, nawaheshimu, mimi mwenyewe nilijifunzia kwa mhunzi. Shida ni gesi. Mtu anapasha sentimita kumi katikati mpaka iwe nyekundu, anakunja, anaacha ipoe chini kwenye vumbi. Upinde unapendeza, unafurahi. Ile sehemu imekuwa laini kama chuma cha dirisha. Wiki tatu jani limenyooka tena, au limekunjika pale pale.

Kupasha kunakubalika kama jani zima linaingia kwenye tanuru, linafika nyuzi 850 hivi, linazamishwa kwenye mafuta, halafu linapashwa mara ya pili kwa nyuzi 450 mpaka 500 ndipo linapoa. Mwenye tanuru ya kupima joto hivyo huku kwetu ni wa kumtafuta kwa tochi. Kwa hiyo kwa majani ya pikapu mimi nakunja baridi. Jani linalazwa juu ya vyuma viwili tumbo chini, presi inalikandamiza kidogo, linasogezwa sentimita mbili tatu, linakandamizwa tena, kutoka ncha moja mpaka nyingine. Ni kazi ya uvumilivu. Kila jani linakunjwa zaidi kidogo ya lile la juu yake, ili yakifungwa pamoja yabanane. Ukiona springi imefungwa na kuna mwanga unapita kati ya majani kwenye ncha, aliyeikunja alikuwa na haraka.

Nikwambie ukweli pia: kukunja baridi hakurudishi ujana. Kama chuma kimechoka kitashuka tena, labda mwaka, labda miwili, inategemea unavyopakia. Lakini kwa laki tatu ndiyo njia yako.

Kabla hujaleta, pima nyufa mwenyewe usije ukalipa kukunja jani bovu. Safisha jani mpaka chuma kionekane, paka mafuta ya taa, acha nusu saa, futa mpaka liwe kavu kabisa. Paka chaki ya shuleni. Gonga gonga kwa nyundo ndogo. Palipo na ufa mafuta yatatoka humo na kuchora mstari kwenye chaki.

---

Tajiri Mtarajiwa

Hii ya chaki sijawahi kuisikia. Naenda kuiba chaki za mtoto.

---

Mzee wa Hesabu

Mleta uzi hajaulizwa swali moja. Unapakia kiasi gani?

---

Mwana wa Uwemba

Magunia kumi ya viazi. Tani moja. Gari ni ya tani moja.

---

Mzee wa Hesabu

Magunia kumi ya nini, ya kilo mia au lumbesa?

---

Mwana wa Uwemba

…lumbesa.

---

Chuma Hakidanganyi

😂😂😂 Kwisha habari yake.

---

Mzee wa Hesabu

Nilijua. Pima gunia moja kwenye mzani wa mnunuzi, uje utuambie.

---

Mwana wa Uwemba
Jumatatu

Kilo 138. Kumi ni kilo 1,380, na mimi na utingo na ngazi na magunia matupu. Mzee alikuwa anabeba saba, na mimi nilikuwa namuona mwoga.

---

Kaka Mkubwa wa Nakuru

Hiyo lumbesa ni nini?

---

Dada wa Spea Ilala

Kaka, ni gunia linajazwa likafika mdomoni, halafu linashonewa kofia juu na kujazwa tena. Sheria imekataza, mzani unakataza, sokoni bado lipo. Mkulima anauza gunia moja, mnunuzi anabeba moja na nusu.

---

Chuma Hakidanganyi

Dada usianze siasa, tuko kwenye springi. Mimi nauza viazi, na nisipojaza lumbesa mnunuzi anahamia kwa jirani, yeye anajaza. Nitakula hiyo sheria?

---

Dada wa Spea Ilala

Nani kaanza siasa? Nimemjibu mgeni. Halafu usilie, ninyi mnaovunja springi ndio mnaonilisha.

---

Mwana wa Uwemba
Jumapili iliyofuata

Wakuu, mrejesho. Ni mrefu, samahanini.

Kufungua ndiyo kulikuwa vita. Springi ya kulia nati zilitoka vizuri baada ya kulala usiku mzima na dizeli. Ya kushoto, pini ya jicho la mbele ilikuwa imeoana na chuma cha bushi, haizunguki wala haitoki. Tuligonga asubuhi nzima. Kijana mmoja akataka kupasha na gesi, raba iliyobaki ikashika moto ikatoa moshi mweusi, tukaacha. Mwisho tukakodi grenda tukaikata pini pande zote mbili, kati ya jicho na bano, taratibu, tusile bano. Kama mnafungua gari la zamani, nunueni pini mpya kabisa mapema, hiyo ya zamani haitoki nzima.

Ekseli tuliiegemeza kwenye magogo, chesisi kwenye magogo mengine, na kamba ya breki ya mkono na hozi ya breki tukazifungua zisivutwe ekseli ilipoteremka. Tulifanya upande mmoja kwanza, wa pili ukabaki umefungwa ili ekseli isizurure.

Mtihani wa chaki: jani la tatu la kulia, ambalo kwa macho lilikuwa zima kabisa, likachora mstari wa sentimita mbili. Ningefunga hilo. Nikalazimika kutafuta na hilo.

Nimekwenda Mbeya kwa basi na majani kwenye kiroba, kondakta alinitoza kama abiria. Nyundo nimemuona uso kwa uso, ni mtu mkimya kuliko anavyoandika humu. Majani mama mawili ya mtumba yaliyolingana yalipatikana Mwanjelwa, 45,000 kila moja. La pili la kushoto na la tatu la kulia Nyundo aliyachonga kutoka kwenye majani mama yangu ya zamani: alikata macho, akatoboa tundu la senta, ule unene wa 7 ukawa unalingana na majani yaliyokuwepo. Hayo hakunitoza chuma, ni kazi tu. Alipaka grisi yenye grafiti kati ya majani kabla ya kufunga.

Gharama zote: majani mama 90,000, kukunja na kufunga springi mbili 60,000, yubolti nne 48,000, senta bolti mbili 6,000, bushi seti nzima 36,000, pini za sheko 15,000, grenda 10,000, fundi wa kunisaidia kufunga 50,000. Hiyo ni 315,000. Halafu shokapu mbili mpya, 110,000, ambazo sikuzipangia. Jumla 425,000, nauli sijaweka. Nimekopa kwa shemeji.

Kimo sasa: kushoto 50, kulia 49 na nusu. Haina mlio.

Lakini kuna kitu. Jana nimetembea kilomita kama 40, leo asubuhi nimezigusa nati za yubolti kushoto, zimelegea. Nimezikaza, nikatembea kidogo, zimelegea tena. Na usukani unavuta kidogo. Za kulia zimekaa.

---

Nyundo ya Mwanjelwa

Simamisha gari. Usitembee tena.

Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto, halafu kulia. Niambie.

---

Mwana wa Uwemba

Kushoto ni ndefu kwa sentimita moja na nusu.

---

Nyundo ya Mwanjelwa

Kichwa cha senta bolti hakijaingia kwenye tundu lake juu ya kiti cha ekseli. Mmekaza yubolti springi ikiwa imekalia kichwa cha bolti, kama mtu aliyekalia kokoto. Kila ikisukwasukwa inateleza, nati zinalegea. Inua, legeza nati nne za yubolti upande ule, sogeza ekseli na mtaimbo mpaka usikie kichwa kimeingia, kaza kwa kuzunguka, nati hii robo, ile robo, isiwe moja mpaka mwisho.

Pini za macho na za sheko mlizikaza gari likiwa hewani?

---

Mwana wa Uwemba

Ndiyo. Kosa?

---

Nyundo ya Mwanjelwa

Kosa. Zilegeze, shusha gari likae kwa matairi yake, litikise juu chini mara kadhaa, ndipo uzikaze. Ukizikaza likiwa hewani raba ya bushi inabaki imesokotwa muda wote gari likiwa chini, itachanika mapema. Yubolti uzikague tena baada ya mzigo wa kwanza, na tena baada ya kilomita mia tano hivi.

---

Mzee wa Hesabu

Na breki je? Gari limepanda karibu sentimita 9 upande mmoja. Hilux nyingi za miaka hiyo zina vali ya breki inayopima mzigo, iko kwenye chesisi na ina fimbo inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Nyuma ikishuka kwa mzigo, fimbo inainuka, vali inaruhusu breki nyingi zaidi nyuma. Ukiinua springi, vali inadhani gari ni tupu hata ukiwa umepakia, nyuma haishiki, kazi yote inafanya mbele. Kwenye mteremko utanikumbuka.

---

Mwana wa Uwemba
Jumatano

Nyundo, ilikuwa hivyo hivyo. Kichwa kilikuwa kimekaa pembeni ya tundu, kimeacha alama. Kimeingia na mlio wa "tak", vipimo sasa vinalingana pande zote. Nati zimekaa siku mbili.

Mzee wa Hesabu, nimeikuta vali. Fimbo yake haikuwa imefungwa kwenye ekseli kabisa. Kuna fundi wa siku nyingi aliifunga na waya wa uzio ikiwa imeelekea chini. Yaani miaka yote hiyo gari lilikuwa linabeba viazi breki za nyuma zikiwa nusu usingizi, na mzee alikuwa analalamika kwamba pedi za mbele zinaisha haraka, tukawa tunamwambia anunue za bei.

Nimepeleka kwa fundi wa breki, amerudisha fimbo na kuirefusha kulingana na kimo kipya. Tumejaribu tupu, tumejaribu na magunia saba ya kilo mia. Inasimama ikiwa imenyooka.

---

Kaka Mkubwa wa Nakuru

Saba ya kilo mia. Mzee wako huko aliko anacheka.

---

Chuma Hakidanganyi

Na mnunuzi kakubali kilo mia?

---

Mwana wa Uwemba

Kakubali kwa kununa, kapunguza bei kidogo. Tumebishana mpaka jua limezama. Safari ijayo sijui.

---

Tajiri Mtarajiwa

Mkuu, vile vipande vya majani yaliyopasuka umetupa? Nataka kutengenezea kitu.

---

Mwana wa Uwemba

Umechelewa. Yule mhunzi wa gesi niliyemnyima kazi kaviona nyuma ya gari, kaviomba. Jana kaniletea nyengo moja kama shukrani. Inakata hatari.